Kituo Hakiwekwi Mlangoni

Ndugu zangu, ukiandika `break jumlisha` kwenye GDB, dibaga yaani programu ya kutafutia hitilafu, unaiwekea funksheni jumlisha kituo, na unatarajia programu yako isimame kwenye agizo la kwanza kabisa la funksheni hiyo. Haisimami hapo. Inasimama hatua kadhaa ndani, na leo nataka tuone nani anaamua ni hatua ngapi.

Tuichukue jumlisha yenyewe. Inapokea namba mbili, a na b, nasi tumeikompaili kwa GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, bila uboreshaji wowote, kwa prosesa ya x86-64. Baiti zake za mwanzo, kwa heksadesimali, ni 55, halafu 48 89 e5, halafu 89 7d fc, halafu 89 75 f8. (Kwenye mifumo mingine f3 0f 1e fa hutangulia, tuiweke kando.) Agizo la kwanza linahifadhi rejista rbp ya mwitaji kwenye steki (rejista ni hifadhi ndogo ndani ya prosesa, steki ni eneo la kumbukumbu la funksheni zinazoendelea), la pili linanakili rsp, rejista inayoonyesha kilele cha steki, kwenda rbp, na mawili ya mwisho yanatoa a na b kwenye rejista na kuziweka kwenye steki. Baiti 10 zimekwisha na hatujajumlisha chochote. Huo ndio utangulizi wa funksheni.

Kompaila imeiachia dibaga maelezo kwamba a iko kwenye steki. Ni kweli, lakini si tangu mwanzo. Ukisimama kwenye 55 ukauliza a ni ngapi, dibaga itakwenda pale ilipoelekezwa na kukusomea takataka zilizoachwa na funksheni nyingine. Yamenikuta hayo. Nilipoteza mchana mzima nikimshuku mwitaji kuwa anatuma namba mbovu, kumbe mimi ndiye niliyefika mapema.

Basi dibaga inajuaje utangulizi unaishia wapi? Mara nyingi inakisia. Inasoma jedwali la mistari, lile linalooanisha anwani na mistari ya msimbo, na kuchukua kwamba ingizo la pili la funksheni ndipo kazi inapoanza. Ndiyo maana hata funksheni iliyoandikwa yote kwenye mstari mmoja GCC huipa maingizo mawili yenye namba ileile. Njia nyingine ni kuyasoma maagizo yenyewe na kutambua sura ya 55 na wenzake. DWARF, muundo wa maelezo ambayo kompaila huiachia dibaga, katika toleo la 3 ilileta alama ya wazi ya mwisho wa utangulizi, na kwangu hiyo ndiyo njia ya haki: aliyeujenga utangulizi aseme unaishia wapi.

Kukosea anwani kuna gharama. Kituo ni baiti moja tu, CC, inayofunika baiti iliyokuwepo. Prosesa ikiifikia inasimama, na dibaga inairudisha ya asili kabla ya kuendelea. Sasa iweke CC mahali pa fc katika 89 7d fc. Hapo si mwanzo wa agizo, kwa hiyo prosesa haioni kituo chochote. Inaona umbali kutoka rbp: fc ilikuwa -4, CC ni -52. Programu haisimami, inaandika a mahali pengine, kisha inajumlisha takataka. Dibaga imezaa hitilafu uliyokuja kuitafuta!

Kwa msimbo ulioboreshwa mambo hugeuka. Mara nyingi rbp haiguswi, a inabaki kwenye edi, rejista iliyofikia nayo, na maagizo ya mistari tofauti yamechanganyika, hivyo ingizo la pili laweza kuangukia ndani ya tawi lisilopitiwa kila mara. Lakini hapo kompaila huweza kuandika makao ya kigeu anwani kwa anwani, na maelezo hayo yakiwepo, hakuna haja ya kuruka kitu.

Mkitaka kuliona kwa macho, rudini kwenye jumlisha ile isiyoboreshwa. Andikeni `break *jumlisha`, pamoja na nyota, ili kituo kiwe kwenye agizo la kwanza lenyewe, na muiite kwa 7 na 5. Ikisimama, chapisheni a. Kisha `stepi`, inayotekeleza agizo moja tu, mara tatu, na mchapishe tena: a ni 7, ila b bado ni takataka. `stepi` moja zaidi, na 5 inatokea.