Haki ya kazi bila ruhusa ya kutembea

Habari zenu, ndugu zangu wa nyumbani. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, hata sare sijavua, lakini nikilala kwanza hili jambo la wakimbizi na kazi halitatoka vile linavyonichoma.

Hapa Ujerumani nahudumia wazee. Kwenye zamu yangu kuna wawili waliokimbia vita. Dada mmoja wa Ukraine alifika 2022, na karatasi aliyopewa ilisema wazi kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Mwingine ni kaka wa Sudan. Yeye alikaa kituo cha mapokezi miezi na miezi, anakula, analala, anangoja barua. Leo wote wawili wanamgeuza mzee mmoja kitandani, huyu kashika mabega, yule miguu. Kilichowatofautisha ni sheria tu. Umoja wa Ulaya ulikuwa na kanuni ya hifadhi ya muda tangu 2001, ikakaa zaidi ya miaka 20 bila kutumika hata mara moja, mpaka Machi 2022 ilipotumika kwa Waukraine. Njia ilikuwepo miaka yote hiyo!

Nikakumbuka kwetu Kenya. Tuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 na kuchukua nafasi ya ile ya 2006. Inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, hata kufanya taaluma yake kama vyeti vyake vinatambuliwa. Nilipoisoma nilifurahi kweli. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu serikali kumpangia mkimbizi eneo la kuishi, na akitaka kutoka humo aombe kibali. Sasa niambieni, mwajiri wa Nairobi atamngoja mtu wa kambi ya Kakuma, kule Turkana, mpaka lini?

Chuoni nilikuwa na rafiki Mkongomani aliyekulia Kakuma. Kibali chake kilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika, na tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu. Alikuwa anailaza ndani ya daftari kila usiku. Tulipomaliza masomo aliitwa kwenye usaili. Kibali kikatoka siku tatu baada ya usaili kupita. Hiyo ilikuwa chini ya sheria ya zamani, sawa. Wiki iliyopita nimeongea naye kwa simu. Bado anaomba karatasi.

Kuna kifungu kingine ambacho naona watu wanakipita haraka. Mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari, afaidi haki za mkataba wa Jumuiya. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Hao ndio wengi wa wakimbizi tulio nao! Basi kifungu hiki kinaweza kufungulia watu wengi mlango. Ila hadhi ya ukimbizi ndiyo inayomzuia mtu asirudishwe kwa nguvu kule alikokimbia. Akishaivua, halafu kibali cha kazi kikaisha na asipate kingine, nani atamkinga? Hapo bunge liandike wazi kwamba aliyeivua anaweza kuirudia. Mtu asilazimike kuchagua kati ya riziki na usalama wake.

Na ninyi wa Turkana na Garissa, nawasikia. Mmeishi na kambi hizi, Dadaab ya Garissa tangu 1991 na Kakuma ya Turkana tangu 1992, maji ni yaleyale, kuni ni zilezile. Tena kule Garissa kuna Wakenya halisi ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao. Walipofika umri wa kuchukua kitambulisho, alama za vidole zikatokea kwenye daftari la wakimbizi, wakakataliwa. Mwenyeji amefungiwa nje ya nchi yake mwenyewe! Nikisikia hayo, siwezi kukubali mtu aniambie sheria hii ni ya wageni peke yao.

Serikali ilizindua Mpango wa Shirika Machi 2025, ili Kakuma na Dadaab zigeuke makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Nauunga mkono. Lakini mpango si sheria. Ufadhili ukikatika, mpango unalala. Uganda sheria yao ni ya 2006, na mkimbizi anatembea na kufanya kazi bila kufungiwa kambini. Kwa hiyo kabla hatujajenga soko jipya kwenye makazi hayo, tukirekebishe kifungu cha makazi: mkimbizi aliyesajiliwa atembee kwa kitambulisho chake, na serikali ikitaka kumzuia, itoe sababu kwa maandishi ambayo anaweza kuipeleka mahakamani.

Mkiitwa kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu Mpango wa Shirika, nendeni. Mumuulize mbunge wenu swali moja tu: yule kijana wa Kakuma akiitwa usaili Jumatatu, kibali atakipata lini?