Mkono Uliobaki Hewani

Assalaam alaykum. Na kwa wenyeji wetu Wasukuma, mwangaluka! Asanteni kwa kuitikia. Ukumbi mzima tumesalimiana, na hakuna mkono niliougusa.

Miaka ya nyuma niliitwa kwenye usaili wa kazi hapa hapa Mwanza. Mwenyekiti wa jopo, mtu wa rika la baba yangu, akasimama na kuninyooshea mkono. Mimi, kwa dini yangu, simpi mkono mwanamume asiye wa nyumbani. Nikaweka kiganja kifuani, nikainama, nikasema, "Shikamoo, mzee." Mkono wake ukabaki hewani juu ya mafaili. Nauona mpaka leo, na kifungo cha shati kinaning'inia kwa uzi mmoja. Marahaba sikuipata. Baadaye nikasikia kwamba yule binti ana maringo. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimempa salamu kubwa kuliko zote nilizofundishwa nyumbani.

Wengi wetu Waislamu wa huku tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwetu, ngozi ya mwanamke ikigusana na ya mwanamume asiye maharimu wake, yaani ndugu ambaye hawezi kuolewa naye, udhu wa kuswalia umetenguka. Na hata bila habari ya udhu, Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa Bibi Aisha, mke wa Mtume, kwamba Mtume, wanawake walipokuja kumpa ahadi ya utii, aliipokea kwa maneno. Mkono wake haukugusa mkono wa mwanamke. Wala hili si la wanawake peke yao. Katika Kurani, Suratun-Nuur, aya ya 30 inaanza na wanaume kuinamisha macho, ndipo ya 31 ikaja kwetu.

Tena mkono kwetu ni jambo zito. Ndoa yenyewe hufungwa walii, msimamizi wa bibi harusi, na bwana harusi wameshikana mikono. Ndiyo maana hatuutoi ovyo.

Nendeni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Mama anapaa sato, vidole vimejaa magamba. Ukimpa mkono, anakunja ngumi na kukupa kifundo cha mkono, huku uso umechangamka: "Karibu, mwanangu!" Nani amewahi kusema yule mama ana dharau? Tunaelewa papo hapo. Na bibi zetu wengine huzungushia kiganja ncha ya kanga ndipo wakakupa. Akili hiyo ya Mwaloni ndiyo ninayoiomba iingie maofisini.

Huko Uswidi, dada mmoja Mwislamu aliweka mkono kifuani kwenye usaili wa ukalimani, usaili ukakatishwa palepale. Mwaka 2018 mahakama ya kazi ilimpa haki, pamoja na fidia ya kroni 40,000. Mwaka huohuo Denmark ikapitisha sheria kwamba anayepewa uraia lazima ashikane mkono na ofisa kwenye hafla. Sheria hiyo inanisikitisha.

Lakini Waislamu wenzangu, nasi tuna deni. Kuna kijana anamficha dada mikono mgongoni, anatazama sakafu, hasemi neno. Huyo hajalinda heshima ya mtu. Kurani, sura ya An-Nisaa, aya ya 86, inatuamuru tunapoamkiwa tuitikie kwa kilicho bora zaidi, au tukirudishe kilekile. Kama hutoi mkono, basi toa kifua, toa uso, mwite kwa jina, muulize watoto wameamkaje. Na wahi wewe kusalimu, kabla mkono wa mwenzio haujanyanyuka. Wapo pia Waislamu wanaotoa mkono, hao msiwahukumu.

Namwona mzee pale mlangoni ameinua mkono, ana swali. Shikamoo, mzee. Karibu.