Sauti inayochelewa: mazungumzo na vijana wa kompyuta, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Nianze na goli. Kuna kibanda umiza hapa hapa Mwanga nilikofunga kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux. King'amuzi kiliingia kwa zile waya tatu, ya njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, kupitia kifaa kidogo cha USB, kisha projekta ukutani. Kipindi cha kwanza mambo safi. Kuelekea mwisho wa mechi watu wakaona mpira umeingia wavuni, wakaruka, wakashangilia, na mtangazaji ndipo akapaza sauti. Mzee mmoja akanifuata: "Mwanangu, huyu mtangazaji anaangalia mpira gani?" Swali lile lilinikosesha usingizi, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Zamani tatizo hili halikuwepo. Kadi za televisheni zilitoa sauti kwa waya mfupi uliochomekwa kwenye tundu la kuingizia sauti la kadi ya sauti. Programu ya kuangalia televisheni kama tvtime haikuibeba sauti, ilipandisha na kushusha tu, au kuizima. Kero ilikuwa moja: programu ikifa ghafla, televisheni inaendelea kuongea huku dirisha limeshafungwa.

Siku hizi sauti inaingia ikiwa namba, kwa PCI, ile nafasi ya kadi ndani ya kompyuta, au kwa USB. ALSA, sehemu ya Linux inayosimamia sauti, inaiona kadi yako kama kifaa cha kurekodia, basi. Hakuna anayeichukua kutoka hapo na kuifikisha kwenye spika. Ndiyo maana wengi tulifungua tvtime huku, na kule kwenye teminali, dirisha la kuandikia amri, tukaandika arecord inayorekodi, kisha alama ya bomba (|) inayopitisha sauti, kisha aplay inayocheza. Sauti inatoka, unafurahi, unaenda zako. Nami ndivyo nilivyofanya kule kibandani.

Sasa tazameni ubaoni. Sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48000 kwa sekunde, chaneli mbili, baiti mbili kila sampuli: baiti 192000 kwa sekunde. Lile bomba kati ya programu mbili, kwa kawaida yake kwenye Linux, linabeba baiti 65536. Gawanya. Ni theluthi moja ya sekunde, na bado aplay ina akiba yake inayoweza kufika nusu sekunde.

Lichukulieni kama pipa la maji nyumbani. Mfereji unamimina, wewe unachota kwa kata. Maji unayochota sasa yameingia muda uliopita. Pipa likijaa zaidi, maji yanakaa zaidi. Na anayemimina na anayechota hawafuati saa moja! Kifaa cha USB kina kioo chake, yaani kristali ndogo ya kuhesabia muda, kadi ya sauti ina chake. Vyote vimeandikwa 48000, lakini hakuna vioo viwili vinavyolingana kabisa. Tuseme vinapishana sehemu 100 katika milioni. Ni sampuli 4.8 kwa sekunde, kitu cha kudharau. Kwa dakika 90 ni sampuli 25920, zaidi ya nusu sekunde. Pipa linajaa polepole mpaka linamwagika, na hapo sauti inakatika. Ikiwa mchotaji ndiye mwenye kasi, pipa linakauka na mnasikia ule mlio wa "tka, tka".

Kuongeza ukubwa wa pipa siyo dawa, ingawa ndilo jambo la kwanza mtu anafanya. Vipimo vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vinaonyesha mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa 125. Hiyo ndiyo nafasi yote tuliyo nayo.

Dawa ni mtu mmoja kushika pande zote mbili: anayerekodi ndiye anayecheza, anapima kila mara kina cha pipa, na kina kikipanda anabadilisha kidogo sana kasi ya sampuli ili kirudi. Sikio halioni badiliko dogo hivyo, lakini linaona pengo moja tu la sauti, wakati jicho linasamehe fremu, yaani picha moja tuli ya video, iliyopotea. Kwa hiyo sauti isikatwe kamwe. Kazi hiyo inafanywa na programu ya alsaloop, iliyo ndani ya alsa-utils, mkusanyiko wa zana za ALSA: kwa -t unaitajia ucheleweshaji kwa maikrosekunde, mimi naandika 100000, na kwa -S unachagua namna ya kusawazisha. Xawtv, programu nyingine ya televisheni, nayo baadaye iliwekewa ubebaji wa sauti ndani yake. Wenye PulseAudio, msimamizi wa sauti anayekaa juu ya ALSA, wana module-loopback ya kazi hiyohiyo, ila ucheleweshaji wake wa kawaida ni milisekunde 200, uteremsheni.

Na msiitaje kadi kwa namba, kama hw:1, mkaridhika. Umeme ukikatika na kurudi, namba za kadi zinaweza kubadilishana. Someni majina kwenye /proc/asound/cards, mtumie jina.

Kamera hii nimeichomeka kwenye kifaa kilekile cha kibandani. Kijana wa mbele, simama hapa upige kofi moja kali. Picha ni fremu 25 kwa sekunde, kila moja milisekunde 40. Sisi wengine tuhesabu fremu kati ya viganja kukutana na mlio kutoka.