Pikipiki Iliyolala Haiamshwi kwa Kiki

Asanteni. Wale wa mlangoni ingieni, nafasi ipo. Naona wengine wameanza kucheka. Hao walinisikia mwaka jana, wanajua naanzia wapi. Naanzia palepale: pikipiki iliyokaa miaka mitatu, mitano, kumi, haipigwi kiki.

Mnacheka, lakini piteni gereji yoyote mjini. Mteja anashusha chombo kwenye kirikuu, vumbi limejaa hadi kwenye mita. Hajamaliza kupatana nauli, fundi keshapanda, mguu kwenye kiki, pa! pa! pa! Unafanya nini? "Naangalia kama ina moto, mzee." Moto! Hujui kama humo ndani mna oili au mna kiota cha panya, wewe unatafuta moto.

Injini ikizimwa, pistoni husimama popote ilipofikia, na mara nyingi kuna valvu inabaki wazi kidogo. Hewa yenye unyevu inaingia kwa hapo, mchana na usiku, masika na vuli. Huku kwetu pwani ina chumvi juu yake. Oili iliyokuwa ukutani mwa silinda inashuka taratibu, na pale ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, zilipolala kutu inashika. Ringi ni chuma, silivu, yaani ukuta wa ndani wa silinda, ni chuma, vinashikana. Sasa wewe na kilo zako themanini unakanyaga wenzo ambao kazi yake ni kupeleka nguvu za mguu moja kwa moja kwenye injini. Kitu lazima kitoe. Kitakachotoa si mguu wako.

Iliwahi kuletwa kwangu Honda CG125 ya mwalimu mstaafu wa Korogwe. Ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, na imefunikwa turubai vizuri tu. Kijana wake alikwishaipeleka kwa fundi mwingine. Yule bwana akapiga kiki, ikagoma. Akasimama juu yake kwa miguu miwili. Ikaachia, akafurahi, akaita vijana wakaisukuma mteremkoni ikiwa gia ya pili. Haikuwaka, ndipo ikaja kwangu na maneno haya: "Tatizo ni kabureta." Nikafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Ringi ya juu ilikuwa vipande viwili, na kipande kimoja kilikuwa kimepanda na kushuka na pistoni safari yote ile ya mteremkoni. Kwenye silivu palikuwa na mfereji. Ukipitisha ukucha, unakwama. Silinda ikaenda kuchongwa, ikanunuliwa pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya awali, na ringi zake na gasketi. Yule kijana alikuja na bajeti ya plagi.

Na kilichotakiwa ni nini? Oili kijiko kimoja, na usiku mmoja wa kusubiri.

Fungua plagi. Kabla hujaifungua puliza mchanga ulioizunguka, usije ukauangusha ndani. Mimina oili nyepesi kidogo kwenye tundu. Wengine huchanganya na dizeli, sina ugomvi nao. Nenda kalale. Asubuhi, plagi ikiwa bado nje, iweke gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma kwa mikono, lisukume mbele, lirudishe nyuma. Taratibu. Kwa nini gia ya juu? Kwa sababu ukiwa kwenye tairi, gia ya juu ndiyo inayoizungusha injini kwa wepesi. Mkono utakuambia kila kitu. Ikikwama, acha, ongeza oili, rudi kesho. Mguu haujui kukwama ni nini, unajua kukanyaga tu. Mimi wanafunzi wangu nawafungulisha kiki kabisa, inawekwa kwenye droo. Ufunguo wa droo ninao mimi.

Najua mnachotaka kusema. "Mzee, mteja anasubiri pale kwenye benchi." Mwagizie chai. Mteja aliyeisubirisha pikipiki miaka sita hawezi kushindwa kusubiri mpaka kesho. "Lakini mzee, hii ni ya kichina tu." Haya, hilo nalo. Hizo mnazoita za kichina, nyingi zimebeba injini ya mtindo uleule wa CG, ambayo Honda waliitoa miaka ya 1970: pushirodi, vile vijiti vya kusukuma valvu, ubavuni, hakuna cheni ya taimingi. Ni injini ngumu, inavumilia mengi. Lakini kutu haisomi jina lililoandikwa kwenye tangi.

Halafu kabla ya yote angalia oili. Kipimo kikionyesha imezidi, usishangilie kwamba mwenyewe alikuwa mtunzaji. Inusie. Ikinuka petroli, ujue sindano ya floti, ile inayozuia petroli kabureta ikishajaa, iliganda wazi, koki ya tangi haikufungwa, na tangi limeteremka lote kupitia kabureta hadi kwenye injini. Oili hiyo ni nyepesi, haishiki beringi. Mwaga yote, weka mpya.

Sasa petroli. Kuna mtu ananiambia kila mwaka, "Mzee, petroli haiozi." Inaoza! Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto haraka, zinaruka zenyewe kupitia tundu la kifuniko cha tangi. Kinachobaki ni kizito, kinageuka rangi, kinanuka vanishi. Chukua chupa nyeupe, teremsha kidogo, inyanyue juani. Ikiwa na rangi ya chai ya rangi, hiyo si ya kuwashia. Tazama na chini ya chupa: maji hukaa chini kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakila tangi.

Fungua kikombe cha kabureta. Utakuta utando wa kahawia, unanata, floti imeshikwa. Lakini ugonjwa wenyewe uko kwenye jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la petroli, ile ya silensa, injini ikinguruma polepole bila kuongezewa mafuta. Tundu lake halifiki nusu milimita. Ndiyo maana pikipiki inawaka kwa choki, ukirudisha choki inazima, na fundi anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anabadilisha CDI, kile kisanduku cha kuamsha cheche, mteja anauza mbuzi. Itoe jeti, iloweke, ipulize, inyanyue kwenye mwanga. Usipoona duara safi, haijafunguka. Na yule anayechokonoa kwa waya wa chuma, naomba aache leo hii. Jeti ni shaba laini, ukilipanua tundu umeharibu kipimo, na hakuna skrubu itakayokurudishia.

Naonyeshwa saa. Haya, twende mbio. Eakilina, chujio la hewa: ifungue, panya hupenda sana pale, na wakimaliza sponji wanahamia kwenye waya. Ekzosi: ingiza fimbo nyembamba, mavu hujenga kwa udongo humo, na injini isiyotoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Moto: jaribu plagi ikigusa chuma, lakini mbali na tundu lake, mvuke wa petroli hauna mzaha, na kwa injini inayojitengenezea umeme wa plagi kwa magneto, msilaumu betri kabla hamjaangalia swichi na waya wa kuzimia. Mgandamizo ukiwa sifuri msikimbilie ringi, huenda ni valvu imeganda wazi. Legeza, pima nafasi yake injini ikiwa baridi. Klachi: sahani hugandana, ukivuta mkono chombo kinaenda tu, kwa hiyo mara ya kwanza washeni ikiwa nyutro na mbele pasisimame mtu. Ikishapata moto vizuri, izime na mwage oili tena, ile ya mwanzo imeosha kutu yote. Matairi na breki sina muda navyo leo, nitavisema mkiniita tena.

Maswali. Anza wewe kule nyuma, mwenye kofia. Na kama unataka kuuliza kuhusu ile dawa ya kupuliza ili iwake haraka, jibu ni hapana, kaa chini.