Maandishi Mengi, Mapambo Machache

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana wenzangu habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie usahili katika usanifu wa tovuti yenye maandishi mengi: gazeti, jarida, hifadhi ya makala za miaka na miaka. Naona wengine mmeshafungua kompyuta mkisubiri tuanze na rangi. Zifungeni kwanza, rangi nitaigusa kwa dakika moja tu.

Mfano wangu ni tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, iliyozinduliwa Oktoba 2012. Kabla yake raia alitafuta mambo yake kwenye tovuti ya Directgov, mfanyabiashara akaenda kwenye ile ya Business Link, na kila wizara ilikuwa na tovuti yake, nembo yake, menyu zake. Timu iliyokabidhiwa kazi ingeweza kuzipaka zote rangi moja ikaenda zake. Badala yake ilikaa na kuuliza, ukurasa baada ya ukurasa: huu anauhitaji nani, na anakuja kutafuta nini? Ukurasa uliokosa mwenyewe ukaachwa nje. Mwaka 2013 tovuti hiyo ilitwaa tuzo ya usanifu wa mwaka ya Design Museum, jumba la makumbusho ya usanifu la London, ikalishinda hata Shard, lile ghorofa refu la jijini humo. Tovuti nyeupe, haikuwa hata na picha ya kupamba mlangoni!

Ufungueni ukurasa wake wa sikukuu za mapumziko. Anayefika pale kwa kawaida anataka jambo moja: sikukuu ijayo ni lini? Basi tarehe hiyo imewekwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku cha kijani. Orodha nzima iko chini yake kwa anayeitaka. Usahili ninaousema mimi ni huo. Ukurasa ulioondolewa kila kitu mpaka msomaji hajui abofye wapi umepungukiwa tu, na vijana wengi siku hizi wanaficha menyu nyuma ya vistari vitatu, wanafuta mistari chini ya viungo, halafu wanasema wamesanifu kwa usahili. GOV.UK viungo vyake ni vya bluu na vimepigiwa mstari. Hakuna anayelazimika kubahatisha.

Herufi zake nazo zina historia ya barabarani. Fonti yake, New Transport, imetokana na herufi ambazo Jock Kinneir na Margaret Calvert walizichora kwa ajili ya alama za barabara za Uingereza, zisomwe na dereva aliye mwendoni. Kwenye skrini kubwa maandishi ya kawaida yana ukubwa wa pikseli 19, na safu ya kusomea inachukua theluthi mbili za upana. Theluthi iliyobaki mara nyingi ni nyeupe. Mteja wako akiiona hiyo nafasi atakwambia weka tangazo, weka habari motomoto, weka chochote! Mkatalie. Nafasi hiyo ndiyo inayozuia mstari kurefuka mpaka jicho lipotee njia likirudi kuanza mstari wa pili. Wachapaji wa vitabu wamezoea herufi 45 hadi 75 kwa mstari, pamoja na nafasi.

Sasa tuje kwetu, maana hapa miongozo ya Kiingereza haitoshi. Neno kama “tutakapowakumbusha” lina herufi 18. Kwenye simu ndogo ambayo mstari wake unabeba herufi 36, neno moja limekula nusu. Ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke kama gazetini, utapata mistari yenye maneno mawili na shimo katikati. Acha ukingo wa kulia uchezecheze, au ruhusu maneno yakatwe. Kukata neno la Kiswahili si kazi ngumu, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu: tu-ta-ka-po-wa-ku-mbu-sha. Ila usiache programu itumie kanuni za Kiingereza, inaweza kukukatia “ng'ombe” mahali pasipofaa, na msomaji atacheka badala ya kusoma.

Na bando? Makala ya maneno 1,000 ni kama kilobaiti 7 hivi. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huweza kufika megabaiti 3, yaani zaidi ya mara 400 ya makala yenyewe. Msomaji ananunua bando asome, wewe unamuuzia picha ya kikombe cha kahawa. Picha inayoeleza jambo ibaki, lakini ipunguzwe.

Rangi, kama nilivyoahidi: miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, yaani ya kuhakikisha hata mwenye ulemavu anaweza kuitumia, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo. Nimemaliza rangi.

La mwisho halionekani kabisa. Kwenye msimbo, mwanzoni kabisa mwa ukurasa, tangazeni lugha: andikeni “sw”. Nakuta tovuti za Kiswahili zimeandikwa “en” kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo na hakuna aliyekigusa. Kivinjari kinaitegemea alama hiyo kujua maneno yakatwe kwa kanuni ipi, na programu inayomsomea asiyeona huitumia kuchagua sauti. Ikikuta “en”, itamsomea makala yako nzima ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Haya, kompyuta sasa fungueni, tuanze na tovuti zenu wenyewe. Nani anatoa yake kwanza?