Risasi ya bastola haipimwi kwa kiganja

Wazee wangu, shikamooni. Wengine habari za asubuhi. Karibuni mbele, viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumzie kujaza upya maganda ya risasi za bastola nyumbani. Naanza na sheria, maana hapo sina utani. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeuweka utengenezaji wa risasi chini ya leseni yake. Leseni yako ya kumiliki bastola haikuruhusu kutengeneza hata risasi moja. Kwa hiyo leo tunajifunza jinsi kazi inavyokwenda kule inakoruhusiwa, kwa walenga shabaha wa Marekani au Afrika Kusini. Usitoke hapa ukaenda kufungua karakana chumbani Kizota.

Wengi wetu tumekulia kwenye gobore. Babu yangu mzaa mama, kule Chemba, alikuwa anamimina baruti kiganjani, anaitazama kama mtu anayekadiria chumvi ya mboga, anaitia mtutuni, anashindilia kwa mdeki, kisha marisawa, kisha fataki, kile kidude cha kuwashia baruti. Jioni tunakula kanga. Baruti ile nyeusi ikizidi kidogo, mara nyingi mzee aliishia kuumwa bega na kumezwa na moshi. Mkono huo wa kukadiria ndio ninaouogopa.

Baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, haina uvumilivu huo: ikizidi, bastola inaweza kupasuka mkononi. Shikeni hili ganda, mpitishiane. Ni la milimita 9, urefu wake milimita 19. Baruti inayoingia humo kwa kawaida haifiki nusu gramu. Wenye kazi yao hupima kwa greini, na greini 7,000 ndiyo ratili moja. Kama kipimo ni greini 5, ukizidisha moja umeongeza sehemu ya tano nzima, na kwa macho huioni. Ndiyo maana wanatumia mizani ndogo, kama zile za kupimia dhahabu kule Sekenke. Kiasi chenyewe hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, tena kwa kichwa, ile ncha inayoruka, cha uzito huohuo, nao huanzia chini. Msiniulize mimi, wala msimuulize jirani.

Kuna mtego mwingine. Kwa baadhi ya baruti, kipimo hicho hakijazi hata nusu ya ganda. Ukisahau ukamimina mara mbili, hakimwagiki kitu, hakuna cha kukushtua. Kwa hiyo maganda 50 husimamishwa kwenye kibao chenye matundu, mtu anamulika tochi kwa juu, anachungulia moja baada ya jingine kama mama anayekagua vikombe vya uji. Redio imezimwa, simu iko chumba kingine.

Kabla ya hapo, ganda lenyewe. Chukua matano, yatikise mkononi kama sarafu. Mazima yanalia vizuri; lililopasuka linatoa sauti ya gae. Litupe. Lenye kitambi karibu na kitako, litupe pia. Yaliyobaki hung'olewa fataki iliyotumika na kubanwa yarudie unene wake, maana moto wa kwanza uliyatanua. Kisha mdomo hupanuliwa kidogo, fataki mpya, baruti, kichwa, na mdomo kubanwa tena. Kwa maneno ni dakika moja.

Fataki hukaa kwenye paketi yake ya kiwandani. Ukizirundika kwenye chupa ya jamu, ikilipuka moja zinaweza kulipuka zote. Baruti nayo haitaki joto, na nyumba ya bati Dodoma mwezi wa Oktoba mnaijua wenyewe. Tena risasi, yale madini yenyewe ya kutengenezea vichwa, ni sumu: nawa mikono kabla ya kumbeba mtoto.

Tuliyozungumza ni kuzidisha. Kupunguza nako kuna balaa lake. Niliwahi kupiga shabaha ugenini kwa risasi za kujazwa. Ya tano ikasema “pu”, badala ya kishindo. Tundu jipya kwenye karatasi halikuonekana, nami kidole kilikuwa kimeanza kubonyeza tena. Aliyesimama nyuma yangu akaniambia, acha! Tukatoa magazini, tukaifungua bastola, tukachungulia mtutu kwa nyuma. Hatukuona mwanga. Kichwa kilikuwa kimekwama katikati, na risasi ya sita ilikuwa nyuma yake.

Mzee pale nyuma, ulinyoosha mkono. Karibu.