Mbegu Hailiwi: Maisha ya Nikolai Vavilov

BARAKA: Karibuni tena jamani, mimi Baraka, niko na dada Zuhura kama kawaida. Leo nianze na bibi yangu mzaa mama. Alikuwa ananing'iniza mahindi ya mbegu juu ya mafiga, yanapigwa moshi mpaka yanakuwa meusi tii, na mwaka ule wa ukame tukawa tunalala na uji mwepesi lakini hakuna aliyethubutu kuyagusa. Mbegu hailiwi, ndo neno lake.

ZUHURA: Hata kwetu ilikuwa hivyohivyo. Sasa huyo Mrusi wako anaingiaje hapo kaka?

BARAKA: Nikolai Vavilov, kazaliwa Moscow 1887, mwanabiolojia wa mimea, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzunguka dunia akikusanya mbegu. Afghanistan kaenda 1924, Ethiopia kaingia mwisho wa 1926 akakaa mpaka 1927, huko anatembea na msafara wa nyumbu anaokota ngano, shayiri, tefu, ile nafaka ndogo ya Ethiopia. Aliamini kila zao lina kwao, na huko kwao ndo utakuta aina nyingi kuliko kwingine kokote, ipo inayohimili ukame, ipo isiyoshikwa na ugonjwa wa kutu, we kazi yako ni kuichukua na kuizalisha.

ZUHURA: Na zote anazipeleka Leningrad, kwenye taasisi yake.

BARAKA: Zote. Shida ni kwamba kuzalisha mbegu mpya kunataka miaka kumi na zaidi, na Stalin, mtawala wa Muungano wa Sovieti, anataka chakula sasa hivi, ndo hapo akapanda mtaalamu wa kilimo Trofim Lysenko. Huyu alikuwa anaahidi mavuno ya haraka, anasema unaweza kuigeuza ngano kwa kuilowesha na kuiweka kwenye baridi, na mambo ya jeni, zile chembe za urithi, anayakataa kabisa. Vavilov mwanzoni alimsaidia, ujue, alimpa nafasi.

ZUHURA: Hilo ndo linaniuma mimi.

BARAKA: Alipoona mambo yanaharibika akasimama kumpinga. 1939 akasema tutakwenda kwenye moto, tutaungua, lakini hatuachi tunachokiamini. Agosti 6 1940 yuko magharibi mwa Ukraine anakusanya mimea, gari jeusi likaja, wakamwambia anahitajika Moscow haraka. Wenzake walipofungua mfuko wake baadaye wakakuta ngano ya kale aliyoichuma siku hiyohiyo, bado na masuke yake.

ZUHURA: Dah.

BARAKA: Wakamhoji karibu mara 400, usiku kucha amesimama. Wanadai ni jasusi, kahujumu kilimo. Julai 1941 akahukumiwa kifo, baadaye ikawa miaka 20, na Wajerumani walipokaribia Moscow wafungwa wakahamishwa, yeye akapelekwa Saratov.

ZUHURA: Hapo niachie mimi. Saratov ndo mji aliokuwa profesa wakati bado kijana, sasa yuko humo chini ya ardhi kwenye seli ya waliohukumiwa kifo, na bado anawafundisha wenzake wa selini sayansi, wanapeana zamu na wao wanafundisha. Na mkewe, Yelena Barulina, naye mtaalamu wa mbegu, wa adesi, vita ilimtupa hukohuko Saratov na mtoto wao Yuri. Haambiwi mumewe yupo wapi. Anajinyima kile kidogo alichonacho, anafunga kifurushi cha chakula, anakituma Moscow, na mume yuko mji huohuo anakufa njaa. Kafariki Januari 26 1943. Mi nikifikiria kile kifurushi, mikono yake inafunga kamba… naomba uendelee wewe.

BARAKA: Pole dada. Ila Leningrad nako, mji umezingirwa na Wajerumani siku 872, watu wanaanguka barabarani, na ndani ya taasisi kuna magunia ya mpunga, ngano, karanga, viazi. Wafanyakazi wakawa wanalinda zamu kwa zamu, panya wanafukuzwa kwa vyuma, ukutani baridi imeganda. Dmitri Ivanov, huyu alikuwa mtu wa mpunga, alikufa njaa na magunia yake yapo palepale. Alexander Shchukin wa karanga kafia mezani kwake.

ZUHURA: Hawakula.

BARAKA: Hawakula. Na mkuu wao yuko gerezani, kwa serikali ni adui wa nchi. Hukumu ilikuja kufutwa 1955.

ZUHURA: Na mbegu?

BARAKA: Taasisi ina jina lake sasa, ipo palepale kwenye uwanja wa Mtakatifu Isaka, St. Petersburg, ndo ileile Leningrad. Zimo humo, na kila baada ya miaka wanazitoa wanazipanda upya zisife.